Moto Bila Chungu

Tusekile alikuwa na ulimi. Hilo halikubishaniwa, si ufukweni kwao Mwaya ambako mama yake alifinyanga vyungu, wala shuleni misheni ambako wavulana walimwogopa kuliko fimbo ya mwalimu. Hadithi ikipita masikioni mwake mara moja ilikuwa mali yake, na alipokusimulia alikupa mpaka kikohozi cha yule aliyemsimulia yeye. Alichokosa ni mzee wa kumuuliza. Baba yake alizama ziwani yeye angali akibebwa mgongoni, babu zake walibaki ng'ambo ya mashariki, chini ya milima, kule watu wake, Wakisi, walikotoka na mitumbwi yao, na mama yake ukimuuliza habari za kale alikuonyesha udongo. "Hizi ndizo habari zetu," alisema, na mikono haikusimama.

Jambo hilo halikumsumbua mpaka mwaka ule Mwalimu Andrea alipowapa kazi ya nyumbani. Andrea aliletwa kutoka mbali, kwa sababu boma la Wajerumani lilitaka watoto wajue Kiswahili, naye alikisema Kiswahili chake kwa madaha kana kwamba kila neno amelipiga pasi. Akawaambia kila mmoja atasimama mbele ya wenzake kwa mambo mawili: hadithi moja ya kupendeza, na habari za kweli za wazee wake tangu mwanzo hadi boma lilipojengwa. La kwanza leo tungeliita fasihi na la pili historia. Asiyeyaleta yote mawili atarudi kukaa na watoto wa a, e, i, o, u.

Hapo ndipo shule nzima ilipogundua umaskini wake. Wenye ulimi hawakuwa na wazee, na wenye wazee hawakuwa na ulimi. Angetile wa Talatala alikuwa wa kundi hili la pili, tena mwenyekiti wake. Baba yake, mzee Mwasulama, alijulikana hata Njisi kwa kuzijua habari za machifu. Lakini Angetile mwenyewe ukimsimamisha mbele ya watu anakuwa gogo. Alipojaribu hadithi yake ya sungura na fisi, alianza na mwisho. "Fisi alikufa," alisema, akaketi. Alipoulizwa kwa nini, akajibu kwamba hakutaka kuwaweka watu roho juu.

"Mkono mtupu haulambwi," Tusekile alimwambia siku ile njiani. Methali yenyewe Mwalimu Andrea alikuwa amewapa wiki hiyohiyo, naye alikuwa anaitafutia tu pa kuitumia. "Mimi nitakufundisha kusimulia. Wewe nipeleke kwa baba yako."

Angetile akakubali haraka mno, na msomaji mwenye macho ameshaona kwa nini.

Basi wakasaidiana. Asubuhi, njiani kwenda shule, Tusekile alimfanya Angetile aisimulie migomba hadithi yake, na kila alipokimbilia mwisho alimrudisha kwa kumvuta nguo. "Usimuue bado," alimkemea. "Kwanza mpe njaa. Nani atamlilia fisi ambaye hata njaa yake hatuijui?" Taratibu gogo likaanza kuchipua. Angetile akajifunza kunyamaza mahali pa kunyamaza, akajifunza sauti ya fisi, na siku moja Tusekile alijikuta anacheka mahali ambapo alishapajua.

Na jioni, jua likiwa bado juu ya mpunga, walikwenda kwa mzee.

Mzee Mwasulama alikaa kama walivyokaa Wanyakyusa wenye mali, nyumba moja ndefu ya mianzi, ng'ombe upande huu na watu upande ule, na yeye mlangoni, akiwaonea wivu wote wanaopita na ng'ombe wazuri kuliko wake. Alikuwa mkali, mwenye majivuno, na katika habari zake ukoo wake haukushindwa vita hata vimoja. Lakini alikuwa na sauti. Na alikuwa na sharti: msikilizaji aitikie. Kila akifika mahali fulani alinyamaza, akangoja, mpaka useme "Ena, tata," ndiyo, baba, ndipo aendelee. "Nikinyamaziwa, nami nanyamaza," alisema. Wanawe walikuwa wakiitikia mara mbili, tatu, kisha wakisinzia kwa joto la ng'ombe. Tusekile hakusinzia. Aliketi kwenye gogo karibu na goti lake, akaitikia mahali penyewe, akauliza. Haikuchukua muda mzee akaanza kutazama njiani jioni, na kama binti wa mfinyanzi amechelewa, alimgombeza Angetile.

Alimweleza jinsi nchi ilivyokuwa kabla ya machifu. Watu walikuwa hawana moto. Walikula nyama mbichi, maharage mabichi, ndizi mbichi. Kisha wakuu wakashuka kutoka milima ya Ukinga, na ng'ombe mbele yao, na moto mikononi mwao, na watu walipouona moto wakasema, hawa watutawale.

"Ena, tata," Tusekile aliitikia. Lakini alikuwa amekunja uso. "Tata, naomba kuuliza. Walipouleta moto, walipikia nini?"

"Walipikia nini vipi?"

"Nyama utaichoma, na ndizi utaichoma. Maharage je? Moto bila chungu utapikaje maharage?"

Mzee alimtazama. Kisha akacheka, kicheko kikubwa mpaka ng'ombe aliyekuwa karibu akageuza kichwa. "Angetile," alisema, akijifuta macho, "tangu nianze kusimulia habari hizi hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza chungu." Akamgeukia tena Tusekile, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole. "Hiyo habari ipo. Ndefu, na tamu. Hapo ndipo wenu walipokutana na wetu. Baba yangu aliipokea kwa baba yake, na siwapi watu ovyo. Lakini jua linakwenda na wewe una njia. Njoo kesho."

Tusekile hakutembea siku ile, alielea. Kumbe nao wamo! Miaka yote alikuwa akisikiliza habari za watu wengine kama anayechungulia karamu uani, na kumbe mahali fulani katika ile karamu kuna kigoda cha watu wake. Alimwambia mama yake, na mama akasema, "Ehe," akaendelea kulainisha shingo ya chungu, ila Tusekile aliona ameirudia shingo ileile mara nyingi mno.

Sasa sikia balaa la mapenzi.

Angetile alikuwa akimsumbua baba yake kwa muda mrefu kwamba apeleke ng'ombe Mwaya, Tusekile aposwe. Mzee alikuwa akizungusha. "Ngoja amalize kazi yake ya shule," alisema. Angetile alidhani ni ubahili. Siku ile, alipoona baba amecheka vile, akajua ndiyo nafasi. Akambana, akalia, akasema mwingine atamwahi. Mzee aliwatazama ng'ombe wake mmoja mmoja, kisha akasema, "Wachukue." Alfajiri Angetile na wenzake waliwaswaga ng'ombe mpaka Mwaya, wakiimba, na jua lilipochomoza ng'ombe walikuwa wamesimama uani kwa mama yake Tusekile, wakila majani ya kufunikia vyungu.

Tusekile alipojua ni wa nini alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Alifurahi; tusimsingizie. Alikuwa amempenda yule gogo tangu siku ile fisi wake alipomchekesha njiani. Alitoka mbio kumlaki, na mama yake akamkamata mkono, akavuta nguo begani na kumfunika nayo kichwa.

"Kuanzia leo," mama alisema, "Mwasulama ni baba mkwe wako."

Msomaji asiye wa huku aelezwe. Kwa Wanyakyusa, ng'ombe wakishaingia kwenu, baba wa mchumba wako humwoni tena wala hakuoni. Hutaji jina lake. Ukimsikia akikohoa njiani, unaingia migombani, unafunika kichwa, unampa mgongo mpaka apite. Huketi alipoketi. Humjibu, wala yeye hakuiti. Ni heshima, na heshima yenyewe ni kali kuliko chuki. Ndiyo maana vijana wetu hujenga kijiji chao wenyewe, mbali na baba zao, ili wake zao wapate pa kutembea.

"Leo alikuwa anipe habari ya chungu!" Tusekile alimwambia Angetile, na furaha na machozi vikagombana usoni pake. "Siku moja tu! Ungengoja siku moja! Haraka haraka haina baraka!"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Angetile alijitetea, kwa maana naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Andrea.

Siku ya kusimama mbele ya darasa ilipofika, Angetile alisimulia fisi wake mpaka watoto wa nyuma wakalia. Tusekile akasimama baada yake. Alieleza nchi isiyo na moto, akaeleza wakuu wakishuka milimani, akafika kwenye maharage, akanyamaza.

"Na kisha?" Mwalimu Andrea aliuliza.

"Sijui, Mwalimu. Nimeposwa."

Darasa zima likaangua kicheko, maana kila mmoja alielewa isipokuwa mwalimu. Tusekile naye alicheka. Alipofika nyumbani alikwenda mahali mama yake alipochimbia udongo, akalia peke yake.

Walifunga ndoa kanisani, wakajenga katika kijiji cha vijana. Walipendana, na walitaniana kutwa. Lakini kila Angetile alipotoka kwa baba yake, mkewe alikuwa mlangoni. Hakuuliza kama mzee ni mzima. Aliuliza, "Amesema nini?"

Maana mzee, kwa njia yake, hakuwa amesahau ahadi. Jioni moja alimketisha Angetile, akamwambia, "Sikiliza, na ukifika kwako umweleze mwenye kuuliza." Akaianza ile habari. Angetile aliitikia, akaitikia, na alikuwa amelima tangu asubuhi, na ng'ombe walikuwa na joto lao.

"Alisema kuna mwanamke," alimweleza Tusekile aliporudi, akikwepa macho yake. "Na mtumbwi. Na moto ulikuwa ndani ya mtumbwi."

"Moto ndani ya mtumbwi! Na kisha?"

"Nikasinzia."

Tusekile hakumpiga, ingawa majirani walipokea habari nyingine. Na mzee alikasirika vibaya. Akasema anayesinziliwa harudii, na hakurudia. Kwa hiyo Tusekile akabaki na mwanamke, na mtumbwi, na moto. Akifinyanga aliyapanga hivi, akayapanga vile. Alikuwa na ulimi wa kubuni hadithi kumi kwa hayo matatu, na alizibuni, na kila moja aliitupa. Hakutaka ya kwake. Alitaka ile ya kweli, kwa sauti ile. Nyakati nyingine, akisikia kwa mbali yule mzee akiwafokea ng'ombe, alisimama na udongo mkononi, akitamani kwenda kuketi kwenye lile gogo.

Siku moja alimuuliza shangazi yake Angetile, Maria, mwanamke aliyekuwa akimpikia mzee tangu mkewe alipofariki. "Shangazi, haya ya kujificha huwa hayaishi?"

"Huisha," Maria alisema. "Mume akifa. Zamani ungerithiwa na nduguye ukabaki palepale, ila misheni haitaki mjane kurithiwa, na Angetile ndugu zake walishakwisha na ndui. Angekufa yeye, ungekuwa mtoto wa jirani tu, ukamsalimie mzee utakavyo." Akamtazama kwa ukali. "Basi usitake yaishe."

Kisha vikaja vita vya wazungu. Askari wa boma walipofika kuchukua wapagazi, walitaka kwanza vijana wenye Kiswahili, wa kupokea amri na kuwafikishia wenzao. Wakawauliza vijana wa Talatala maswali. Wengi waliinama. Angetile, ambaye zamani angekuwa gogo, alijibu vizuri, kwa sauti, akinyamaza mahali pa kunyamaza. Tusekile alikuwa nyuma ya umati na alisikia kila neno likitoka sawasawa kama alivyolifundisha migombani. Angetoa ulimi wake wote siku ile mumewe awe bubu.

"Nikirudi," Angetile alimwambia wakiagana, "nitaketi mbele ya baba, nitakuwa macho, nikuletee habari yako yote."

"Rudi tu," Tusekile alisema. "Hata ukiwa umesinzia, rudi."

Kijiji cha vijana kikabaki bila vijana, na wake zao wakarudishwa kwa wakwe. Maria akaweka uzio wa matete katikati ya ua wa mzee, upande huu Tusekile na vyungu vyake, upande ule mzee na ng'ombe wake. Mzee akitaka kupita alikohoa kwanza, kikohozi kizito, ili mkamwana ajifiche. Waliishi hivyo, watu wawili wanaomngoja mtu mmoja, na hawakuweza hata kuulizana kama amesikika popote.

Mzee ndiye aliyepata njia. Tusekile alimsikia siku moja, nyuma ya matete, akiongea na ng'ombe wake mweupe. Alikuwa anamsimulia. Nchi haikuwa na moto, alimwambia ng'ombe. Watu walikula mbichi. Akashusha wakuu milimani, taratibu, kwa sauti ya juu kupita mahitaji ya ng'ombe. Tusekile aliacha chungu. Alisogea mpaka matete yakamgusa paji la uso. Mzee akafika kwenye maharage. Akanyamaza, akangoja aitikiwe.

Ng'ombe haitikii.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Tusekile. Ena, tata. Maneno mawili madogo, na habari yote ingemiminika. Lakini nani humwitikia Mwasulama? Mtoto wa jirani humwitikia. Mke wa Angetile haitikii. Akauma nguo yake, akakaa hivyo mpaka alipomsikia mzee akihema na kumwambia ng'ombe, "Haya, kesho."

Ikawa ndiyo desturi yao. Mzee alimsimulia ng'ombe, akafika palepale, akangoja, akasema kesho. Maria alisema kaka yake amerukwa na akili. "Na wewe unatega sikio!" alimkemea Tusekile. "Mwambie mume wako akirudi amsikilize. Mimi na habari za kale wapi na wapi? Zamani zenyewe nilikuwepo, hapakuwa na la maana."

"Nitamwambia," Tusekile alijibu. Kusema "nitamwambia" tu kulimpa nguvu ya kukanda udongo mpaka jioni. Alimtamani mumewe kwa mikono, kwa masikio, kwa hasira. Alitamani hata zile habari zake zilizovunjika katikati.

Mwaka Wajerumani walipoliacha boma na Waingereza wakaingia, wapagazi walianza kurudi mmoja mmoja, wamekonda. Tusekile alikuwa akilainisha chungu alipomwona Tuntufye wa Njisi akikata kona. Tuntufye aliondoka siku moja na Angetile, katika msafara mmoja.

"Ugonile, Tuntufye!" alimsalimu, akainuka.

"Ndaga," Tuntufye alijibu, lakini aliijibu ardhi, akapita moja kwa moja hadi nyumbani kwa mzee.

Alikaa humo kwa muda. Kisha akatoka kwa mlango wa mbali, asipite tena pale. Mwenye habari njema huanza na mke. Hilo hata kuku wa Talatala wanalijua. Tusekile akaketi tena. Aliendelea kulainisha chungu, akalainisha, mpaka ubavu ukawa mwembamba na kidole kikatokea upande wa pili.

Baadaye matete yalitikisika. Mzee alikuwa amekuja bila kukohoa. Alisimama kwenye pengo la uzio, bila fimbo, mikono ikining'inia.

"Tusekile," alisema.

Jina lake, kwa sauti ileile. Hakuwa amelisikia kinywani mwake tangu ng'ombe walipokwenda Mwaya. Kwa pumzi moja alikuwa tena msichana wa shule mwenye swali, na miguu ilishaanza kwenda.

"Mwanangu, njoo uketi. Uliniuliza habari ya chungu. Leo nitakupa."

Hapo akaelewa: mzee asingemwita kwa jina angali mke wa Angetile. Akaivuta nguo, akajifunika kichwa chote, akapiga magoti na kumpa mgongo, kama inavyompasa mke wa mtu mbele ya baba wa mumewe.

"Wenye moto walipofika ufukweni," mzee aliendelea nyuma yake, "walimkuta mwanamke ndani ya mtumbwi."

Akanyamaza, akangoja. Tusekile alikuwa na njaa ya neno lililofuata kuliko alivyowahi kuwa na njaa ya chakula. Akaziba masikio yake kwa vidole vyenye udongo, akavikandamiza mpaka vikauma.

"Walimkuta mwanamke, Tusekile."

Hakuitikiwa. Mzee alisimama pale, akautazama ule mgongo uliokataa kugeuka. Kisha akakohoa, kile kikohozi kizito cha baba mkwe anayemwonya mkamwana wake ajifiche, akazunguka kwa njia ya nyuma.